Kuvunjika kwa Koleo: Funzo kutoka Ufuo wa Ziwa Mweru

Methali isemayo kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi hufundishwa karibu katika kila darasa la fasihi simulizi. Mwalimu huiandika ubaoni, wanafunzi hutaja maana ya nje na maana ya ndani, kisha somo huendelea. Ni nadra sana kwetu sisi walimu kuikumbuka siku ambayo koleo letu wenyewe limevunjika: orodha ya waliopandishwa vyeo inabandikwa na jina letu halimo, au mkataba unamalizika bila kufanywa upya. Mhitimu naye hupokea barua ya tano ya kukataliwa kazi. Makala haya yanakusudia kuipima methali hiyo kwa kisa cha kweli kilichopita katika Ziwa Mweru, ambako leo kuna wilaya za Chienge na Nchelenge nchini Zambia.

Tuanze na maneno yenyewe. Kiswahili hutofautisha kuvunjika moyo na kukata tamaa. Kitenzi "vunjika" kimo katika kauli ya kutendeka: aliyevunjika moyo amepatwa na jambo. Kitenzi "kata" kimo katika kauli ya kutenda: aliyekata tamaa ametenda mwenyewe. Pigo la kazi halimwombi mtu ruhusa, na kuumia si aibu. Lakini hatua inayofuata ina mtendaji wake, naye ni sisi. Hali kadhalika, methali yetu inatofautisha koleo na uhunzi. Koleo ni chombo: cheo, ofisi, mshahara. Uhunzi ni ujuzi uliomo mikononi. Anayeumia aghalabu huvichanganya viwili hivi, akalilia uhunzi ilhali kilichovunjika ni koleo.

Sasa tutazame kisa. Mwaka 1858 serikali ya Uingereza ilimtuma David Livingstone kuongoza msafara wa Mto Zambezi. Msafara haukufanikiwa. Maporomoko ya Kebrabasa yaliziba njia ya meli, watu kadhaa walikufa, na mkewe Mary alifariki Shupanga Aprili 1862. Mwaka 1863 serikali iliamuru msafara urudi. Mtu aliyekuwa amepokewa London kama shujaa alirejea 1864 sifa yake ikiwa imepungua sana. Aliporudi Afrika mwaka 1866 alikuwa na cheo cha ubalozi mdogo kisicho na mshahara.

Safari hii nayo ilianza vibaya. Januari 1867 sanduku lake la dawa liliibwa. Alidhoofika kwa homa, akalazimika kutegemea misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Miongoni mwao alikuwemo Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyempa mbuzi, nguo na shanga. Msomaji ataona ugumu uliokuwepo: mpinzani wa biashara ya watumwa aliishi kwa msaada wa watu walioifanya biashara hiyo hiyo. Tarehe 8 Novemba 1867 alifika upande wa kaskazini wa Ziwa Mweru, kisha akashuka kwa ufuo wa mashariki hadi kwa Mfalme Kazembe.

Je, Livingstone ni mfano wa kuigwa? Kwa sehemu, ndiyo. Aprili 1868 alipotaka kwenda Ziwa Bangweulu, watu wake wengi walikataa, wakiwemo Chuma na Susi. Aliondoka na watu watano tu. Baadaye aliwapokea tena waliomwacha, akakiri katika shajara yake kwamba naye alikuwa na kasoro zake. Mwenye jeraha la kazi anayeweza kufanya hivyo kwa wenzake amepiga hatua kubwa.

Hata hivyo, kuna upande wa pili. Livingstone alitumai kwamba maji ya Mweru yanaelekea Mto Nile, na aliamini kuwa ugunduzi huo ungeipa nguvu sauti yake dhidi ya utumwa. Nia ilikuwa njema, lakini ukweli haukuwa upande wake. Mto Luvua, unaotoka ziwani penye Pweto, huingia Lualaba, na Lualaba ndio Mto Kongo. Alizidi kuutafuta ushahidi huku mwili ukiisha, hadi akafariki kijijini kwa Chitambo tarehe 1 Mei 1873. Kwa maoni yangu, hapa pana onyo. Uvumilivu ni sifa, ila unaweza kugeuka mtego pale tunapotaka mafanikio yajayo yatusafishe mbele ya waliotudharau.

Funzo lililo bora zaidi naliona kwa Chuma na Susi. Wao na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Huko walilipwa mishahara yao na kazi ikaisha. Mazishi yalipofanyika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, wao hawakuwepo. Katika kundi lao ni Jacob Wainwright peke yake aliyefika kwa wakati. Walikuja kualikwa Uingereza baada ya mazishi, wakamsaidia Horace Waller kuzihariri shajara za mwisho za Livingstone.

Ajira ilikuwa imekwisha, lakini ujuzi ulibaki. Chuma, Myao aliyekombolewa kutoka utumwani mwaka 1861, alizijua njia, alijua kuongoza watu, na alizungumza Kiyao, Kiswahili na Kiingereza. Aliongoza misafara ya UMCA, misheni ambayo askofu wake, Edward Steere, tunamfahamu kwa vitabu vyake vya sarufi ya Kiswahili. Mwaka 1879 alikuwa mkuu wa msafara wa Keith Johnston. Johnston alipofariki njiani mwezi Juni, kijana Joseph Thomson wa miaka 21 aliiendeleza safari akimtegemea Chuma. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882 akiwa mtu anayeheshimika katika kazi yake. Hakungoja mlango uliofungwa ufunguliwe tena.

Nakiri kwamba haya ni rahisi kuyaandika kuliko kuyatenda. Niliwahi kuomba kupandishwa cheo, nikajibiwa kwa barua ya mistari miwili. Kwa muhula mzima nilifundisha kama mtu anayelipa deni. Walioumia zaidi walikuwa wanafunzi, ambao hawakuiandika barua ile.

Kutokana na kisa hiki, napendekeza mambo manne. Kwanza, huzuni ipewe siku zake. Asemeye haumii hudanganya, na aliye karibu naye amsikilize kabla ya kumpa nasaha. Pili, mtu achukue karatasi na kuandika upande mmoja kilichopotea, na upande wa pili kilichobaki. Mwalimu wa Kiswahili ataona kwamba tafsiri, ukalimani, uhariri na ufundishaji wa wageni havikuondoka na cheo. Huko Mweru kwenyewe, Kiswahili husemwa ng'ambo ya ziwa upande wa Pweto, na tangu mwaka 2018 wapo wakimbizi kutoka Kongo katika makazi ya Mantapala, Nchelenge. Mahali kama hapo mkalimani ana kazi ya kufanya, hata kama si ile aliyoiota chuoni.

Tatu, kama kuna haki iliyokiukwa, rufaa ikatwe kwa vielelezo na kwa muda uliowekwa. Ikishajibiwa, maisha yasigeuzwe kuwa kesi isiyokwisha. Nne, tupokee msaada, na tuwasamehe wenzetu waliotuacha peke yetu wakati wa shida, maana huenda tukawahitaji kesho, nao wakatuhitaji.

Basi, mwalimu mwenzangu, utakapoiandika tena methali ile ubaoni, usiishie kwenye maana ya nje na ya ndani. Waulize wanafunzi wako: koleo lenu likivunjika, mtabaki na ujuzi gani? Kisha jiulize na wewe.