Je, Wajua? Bangi Fupi ya Hindu Kush

Je, wajua kwamba bangi inayoitwa indika leo siyo ile iliyopewa jina hilo mwanzoni? Mwaka 1785 Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck aliandika jina Cannabis indica kwa mimea iliyotoka India, yenye majani membamba. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Richard Evans Schultes alikuta Afghanistan bangi fupi, iliyoshonana, yenye majani mapana, naye akaiita kwa jina lilelile. Tangu hapo watu wakitaja indika, humaanisha hiyo ya Afghanistan.

Je, wajua ufupi wake umetoka wapi? Kwenye milima ya Hindu Kush kiangazi ni kikavu na baridi hufika mapema. Mmea unaochelewa kuchanua huuawa na baridi kabla mbegu hazijakomaa, kwa hiyo iliyoacha uzao ni ile yenye haraka, isiyopoteza muda kurefuka. Maua ya indika huiva kwa kawaida katika wiki 7 hadi 9. Bangi za asili ya ikweta huweza kuchukua 12 au zaidi.

Je, wajua kwamba mmea huu hupima usiku? Usiku ukirefuka, huanza kuchanua. Karibu na Mazar-i-Sharif mwanga wa Juni huzidi saa 14, na mmea hupata muda wa kukua kabla siku hazijapungua. Mombasa au Kampala mwanga ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mbegu ya Afghanistan ikiota huko, mche huingia kwenye maua ungali mdogo. Hili ndilo linalonivutia kuliko yote: punje moja ndogo imebeba kalenda ya milima ilikotoka. Ieleweke pia kwamba kupanda bangi Kenya au Tanzania ni kosa la jinai.

Je, wajua kwamba tunachokiita mbegu ni tunda kavu lenye mbegu moja ndani? Likipata unyevu na joto, mzizi ndio hutangulia kutoka. Majani mawili ya kwanza hayana meno. Jozi inayofuata ina meno lakini kila jani ni kipande kimoja tu. Baadaye huja yenye vipande 3, 5, 7.

Je, wajua kwamba mbegu yenyewe haina tezi za utomvu unaolevya? Karibu theluthi yake ni mafuta, na robo hivi ni protini. Ndege wanaipenda.

Je, wajua kwamba huwezi kutambua dume na jike kwa kuangalia mbegu? Huwa karibu nusu kwa nusu, na jinsia hujulikana mmea unapokaribia kuchanua. Dume humwaga chavua kisha hufa mapema. Upepo huweza kuipeleka chavua hiyo kilomita kadhaa, hadi shamba la jirani ambaye hakuitaka.

Je, wajua kwamba mmea mbichi una THC, kemikali inayolevya, kidogo sana? Ndani yake kuna asidi inayogeuka THC ikipata joto. Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni ndio waliotenga THC safi huko Israeli mwaka 1964, kwa kutumia hashishi iliyokamatwa na polisi.

Je, wajua kwamba "yenye indika nyingi" kwenye pakiti ya mbegu haikuambii mengi? Katika miaka ya 1960 na 1970 wasafiri walibeba mbegu za Afghanistan hadi California na Uholanzi, zikachanganywa na nyingine kizazi baada ya kizazi. Ukiotesha mbegu za mchanganyiko kama huo, ndugu wa tumbo moja hutofautiana kwa kimo, harufu na muda wa kuiva. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba lebo za indika na sativa, jina la kundi la pili la bangi, hazilingani vizuri na vinasaba.

Je, wajua wanaoumia zaidi kwa uchanganyaji huu? Ni mbegu za kienyeji zenyewe. Katika milima ya Rif, Morocco, wakulima wengi waliiacha beldia, bangi yao ya asili inayovumilia ukame, wakapanda mahuluti ya kigeni yenye utomvu mwingi na kiu kubwa ya maji. Mwaka 2021 Morocco ilipitisha sheria ya kuruhusu kilimo cha bangi kwa dawa na viwanda, na beldia sasa inapandwa tena kwa leseni.