Picha za Chini ya Maji: Mashindano ya Nidhamu

Askari aliyezoea lindo la usiku anajua kwamba nidhamu ya kweli hupimwa pale mkubwa wake asipokuwapo. Leo tunapenda kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na polisi juu ya mchezo uliojengwa juu ya msingi huo huo, nao ni mashindano ya kupiga picha chini ya maji.

Kazi hii si ngeni. Mwaka 1893 mwanabiolojia wa Kifaransa, Louis Boutan, alikuwa akipiga picha baharini huko Banyuls-sur-Mer. Siku hizi washindani wengi ni watu wa ridhaa, wenye kazi zao nyingine. Mwaka 2021 shindano la Uingereza liitwalo Underwater Photographer of the Year lilitwaliwa na Renee Capozzola, mwalimu wa biolojia kutoka Marekani, naye akawa mwanamke wa kwanza kulishinda. Picha yake iliwaonyesha papa karibu na uso wa bahari ya Moorea, ndege wakiruka juu yao na jua likizama. Alirudi majini jioni kadhaa kabla ya kuipata.

Subira hiyo ina sababu. Maji humeza rangi, na nyekundu ndiyo itanguliayo kupotea, hata kufikia mita 10 huwa imefifia mno. Hivyo mpiga picha hana budi kuchukua taa. Taa ikikaa karibu na kamera, huangaza vumbi lielealo majini, na picha ikajaa madoa meupe. Kwa hiyo hufungwa kwenye mikono mirefu, mbali kidogo na kamera.

Hatari nayo ipo. Katika mita 10 kanieneo ni maradufu ya ile ya juu, na hewa ya mtungi huisha upesi vivyo hivyo. Aliyevutwa na samaki mzuri aweza kusahau kutazama kipimo chake. Akishtuka na kupanda mbio huku amezuia pumzi, mapafu yake yaweza kupasuka. Ndiyo maana wazamiaji huenda wawili wawili, kila mmoja akimlinda mwenziwe.

Waamuzi huipokea picha tu. Wao hawakuwapo kilindini. Hukataza kuwasumbua viumbe ili kupata picha, na huweza kudai picha ya asili, kabla ya kurekebishwa. Polisi wetu wataelewa mara moja, kwani kielelezo kilichochezewa hakina thamani mahakamani. Lakini aliyevunja tumbawe kwa mguu wake ili asogee karibu, huenda asijulikane na yeyote ila nafsi yake na mwenziwe.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo ushindi ulipo. Mzamiaji aonaye hewa yake inapungua, akaiacha picha nzuri na kupanda polepole pamoja na mwenziwe, harudi na tuzo. Hurudi na uhai wa watu wawili.