Kiziwi si bubu: majina ya viziwi katika tamthilia na filamu, na kazi ya mfasiri

Mwaka 1799 ulichezwa mjini Paris mchezo wa kuigiza wa Jean-Nicolas Bouilly uitwao L'Abbé de l'Épée. Mchezo huo ulimhusu padri Charles-Michel de l'Épée, aliyefungua shule ya watoto viziwi mjini humo katika karne ya 18 na kuwafundisha kwa ishara, pamoja na kijana mmoja kiziwi aliyenyang'anywa urithi wake. Watazamaji waliupenda mno. Haukupita muda mrefu August von Kotzebue akauhamishia katika Kijerumani, na mwaka 1801 Thomas Holcroft akaupandisha kwenye jukwaa la London. Katika safari hiyo jina la mchezo lilibadilika. Kwa Kifaransa ulikuwa umebeba jina la mwalimu; kwa Kijerumani ukaitwa Der Taubstumme, yaani "kiziwi-bubu"; kwa Kiingereza ukawa Deaf and Dumb, maneno mawili yenye maana ile ile. Mtu aliyekuwa na historia yake, ukoo wake na kesi yake mahakamani akageuka kuwa kilema chake tu, na kilema hicho kikaandikwa kwenye matangazo ya mlangoni.

Wafasiri hao hawakukusudia kutukana. Siku zile jina hilo lilikuwa la kawaida kabisa. Hata shule yenyewe ya Paris ilijulikana kuwa ni ya "sourds-muets". Lakini ndani ya jina hilo mlikuwamo kosa la maarifa ambalo burudani ilililea kwa karne mbili, nalo ni kule kuunganisha masikio na ulimi. Wengi wa viziwi wana koo na ulimi mzima. Mtoto aliyezaliwa kiziwi hasemi kwa sauti kwa sababu hajapata kuisikia sauti ya kuiga, wala si kwa sababu amenyimwa uwezo wa lugha. Akikua miongoni mwa watu wanaotumia ishara, atasema kwa mikono mapema kama mtoto mwingine asemavyo kwa mdomo. Tangu mwaka 1960, William Stokoe alipochapisha uchambuzi wake wa lugha ya ishara ya Marekani, wanaisimu wamekuwa na uthibitisho kwamba lugha hizo zina viambajengo na sarufi yake kama lugha nyingine yoyote. Kumwita mwenye lugha "bubu" ni kukana kwamba anachokifanya ni kusema.

Katika Kiingereza kosa hili lilizidi kuwa zito kutokana na bahati mbaya ya neno lenyewe. Hapo kale "dumb" lilikuwa na maana ya asiyesema. Katika karne ya 19, hasa huko Marekani ambako wahamiaji wa Kijerumani walikuja na neno lao "dumm", likashika zaidi maana ya mjinga. Basi jina lililokuwa likimtaja mtu asiyetamka likawa linamtaja mtu asiyefikiri, na viziwi wakajikuta wamebandikwa upumbavu bila mtu yeyote kuamua hivyo. Kutokana na neno hilo likazaliwa "dummy", ambalo humaanisha pia sanamu ya kuvalishwa nguo dukani.

Mahali lilipovuma zaidi ni katika mchezo wa besiboli. William Ellsworth Hoy, aliyezaliwa Ohio mwaka 1862 na kupoteza uwezo wa kusikia utotoni kwa sababu ya maradhi, alicheza katika ligi kuu tangu mwaka 1888 hadi 1902, na alikuwa miongoni mwa wachezaji hodari wa zama zake. Magazeti na mashabiki walimwita "Dummy" Hoy. Luther Taylor, kiziwi mwingine, aliyerusha mpira kwa timu ya New York mwanzoni mwa karne ya 20, naye akaitwa "Dummy" Taylor. Kwa hiyo hilo halikuwa jina la mtu mmoja. Lilikuwa kama sare iliyomngoja kila kiziwi atakayeingia uwanjani. Hata hivyo jambo hili lina upande wake wa pili. Hoy mwenyewe alilikubali jina hilo, na husimuliwa kwamba alikuwa akiwasahihisha waliomwita William. Anayehukumu maneno ya kale hana budi kulizingatia hilo: jina la dharau huweza kuchukuliwa na mwenyewe na kuvaliwa kama nishani. Lakini ridhaa ya Hoy ilikuwa yake. Haikuwapa watu wengine ruhusa ya kumwita hivyo mtoto kiziwi darasani miaka hamsini baadaye.

Sinema ilipoanza haikuwa na sauti, na kwa muda wa miaka thelathini hivi viziwi walikaa ukumbini sawa na watu wengine wote. Mchoraji kiziwi Granville Redmond alionekana katika filamu za Charlie Chaplin, ambaye alikuwa rafiki yake. Baada ya mwaka 1927, filamu zenye mazungumzo zilipoenea, maandishi yaliyokuwa yakionyeshwa kati ya picha na picha yaliondolewa, na viziwi wakafungiwa nje. Hapo ndipo palipozuka hali ya ajabu: filamu ziliendelea kuwataja, tena kwa majina mabaya, ilhali wao wenyewe hawakuweza kufuata yaliyosemwa juu yao. Huko Marekani ilibidi kungojea hadi mwaka 1958 ndipo sheria ikatoa fedha za serikali kwa ajili ya kuwawekea filamu maandishi.

Mfano unaostahili kuangaliwa kwa makini ni Johnny Belinda, filamu ya mwaka 1948 iliyoongozwa na Jean Negulesco kutokana na tamthilia ya Elmer Harris ya mwaka 1940. Belinda ni msichana kiziwi katika kijiji cha wavuvi na wakulima huko Nova Scotia, Kanada. Kijiji kizima humwita "dummy", hata nyumbani kwao. Daktari mgeni anamfundisha ishara, na kidogo kidogo watazamaji wanatambua kuwa akili yake ni timamu kuliko ya wengi wanaomcheka. Mwanamume mmoja wa kijiji anamnajisi, kwa kuwa anaamini kwamba asiyesema hawezi kushtaki. Hapo neno "dummy" si mapambo ya mazungumzo tena. Ndilo linalomlinda mhalifu. Jane Wyman, aliyeigiza nafasi hiyo bila kutamka neno hata moja, alipata tuzo ya Oscar. Yeye alikuwa mtu anayesikia.

Je, filamu hiyo inatukana? Jibu linategemea ni kinywa cha nani kinachosema. Neno likitoka katika kinywa cha wanakijiji, na hadithi ikaonyesha ukatili uliomo ndani yake, filamu inashtaki. Neno hilo hilo likitoka katika kinywa cha msimulizi, au katika jina la kazi, au katika wimbo ambao watazamaji wanaalikwa kuuimba pamoja, hakuna anayeshtakiwa. Ndiyo tofauti iliyopo kati ya Belinda na Tommy, opera ya roki iliyotolewa na kundi la The Who mwaka 1969 na kufanywa filamu mwaka 1975. Humo kijana anakuwa kiziwi, bubu na kipofu kwa mshtuko tu, kisha anapona mara kioo kinapovunjwa. Vilema vitatu vimefungwa pamoja kama mzigo mmoja, na wimbo wake maarufu kuliko zote umevisambaza duniani kwa mdundo mtamu. Uziwi hapo ni fumbo la roho iliyojifunga, na kiziwi halisi hamo.

Madhara ya lugha hiyo hayakubaki jukwaani. Mwaka 1880 mkutano wa walimu uliofanyika Milan, ambao karibu wajumbe wote walikuwa watu wanaosikia, uliamua kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa matamshi na ishara ziachwe. Uamuzi huo usingeeleweka bila imani kwamba asiyetoa sauti hana lugha. Kwa miongo mingi, katika shule nyingi, watoto walikatazwa kutumia mikono yao. Mwaka 2010 tu, huko Vancouver, ndipo mkutano uliorithi ule wa Milan ulipoyakataa maazimio hayo na kueleza masikitiko yake.

Sasa mfasiri wa Lubumbashi au Bukavu, ambaye mara nyingi hupokea filamu hizo kupitia Kifaransa, ana maneno gani mkononi? Neno la kwanza linalomjia ni "bubu", na ndilo lenye hatari. Kiswahili hakikuliunganisha na ujinga kama Kiingereza kilivyofanya, lakini kimeliunganisha na kitu kisicho na uhai: kibubu ni chombo cha kuwekea akiba, kinachomeza sarafu wala hakitoi neno. "Kiziwi-bubu" ni tafsiri ya neno kwa neno ya "sourd-muet", na kosa la Paris linaingia nalo mzima mzima.

Wengine, kwa kutaka adabu, hukimbilia "mtu asiyesikia". Hapo Kiswahili kina mtego wake ambao Kifaransa hakina. Kitenzi "kusikia" hubeba pia maana ya kutii. Mtoto asiyesikia ni mtundu, msikivu husifiwa, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa hiyo maneno yaliyokusudiwa kuwa ya upole humtia kiziwi katika kundi la wakaidi. Neno "kiziwi" ni safi zaidi, kwani hutaja hali ya masikio bila kugusa tabia wala ulimi. Wako wanaolishuku kwa sababu ya kiambishi "ki-", wakisema kwamba huwashusha watu kwenye ngeli ya vitu, na ni kweli kwamba "kilema" limeachia nafasi "mlemavu" katika matumizi rasmi. Lakini "kiongozi" na "kijana" vilevile vina "ki-", wala hakuna aliyelalamika. Tena upatanisho ni wa watu: viziwi wamefika, si vimefika. Lililo na uzito zaidi ya hoja hizo za sarufi ni kwamba wenyewe wamelichagua. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimelibeba neno hilo katika jina lake. Kadhalika Shirikisho la Viziwi Duniani, mwaka 1991, lilichagua maneno ya moja kwa moja, "kiziwi" na "mwenye usikivu hafifu", badala ya tafsida iliyowataja kama watu wenye kasoro ya kusikia.

Usemi mmoja wa Kifaransa unastahili neno la pekee, kwa kuwa umezoeleka sana katika magazeti na vichekesho vya redio: "dialogue de sourds", mazungumzo ya viziwi, kwa maana ya watu wanaobishana bila kuelewana. Ukifasiriwa kama ulivyo, unasema uongo. Viziwi wawili wanaotumia lugha moja ya ishara huelewana vizuri kabisa, hata kutoka upande wa pili wa barabara yenye kelele ambapo wenye kusikia hushindwa. Kiswahili hakihitaji kuuazima. "Kila mmoja anasema lake" inatosha.

Linabaki suala la kitenzi. Katika La Famille Bélier, filamu ya Kifaransa ya mwaka 2014, wazazi viziwi waliigizwa na watu wanaosikia, jambo lililolalamikiwa. Katika CODA, iliyotengenezwa upya Marekani kutokana nayo mwaka 2021, waliigizwa na viziwi wenyewe, na Troy Kotsur akapata Oscar mwaka 2022. Wahusika hao hutukanana, hutaniana, husimulia mambo ya aibu mezani. Mfasiri akiandika kwamba baba "anaonyesha kwa mikono" kuwa ana njaa, amemrudisha kwenye ububu. Watoto waliosoma katika shule zilizoanzishwa barani Afrika tangu mwaka 1957 na Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, na ambaye kazi yake ilifika hadi Kongo kabla hajafa katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwezi wa Desemba 1987, wangeshangaa kusoma hivyo. Baba huyo anasema, anajibu, anauliza, anafoka. Njia anayotumia inaweza kutajwa mara moja, mwanzoni, kisha vitenzi vya kawaida viendelee.