Rimu Kuingia Si Rimu Kufaa: Mwongozo kwa Mwenye Pikapu

Wapo wanaobadili rimu za pikapu ili gari lipendeze. Wapo wanaotafuta tairi pana za kupitia mchanga na matope, na wapo ambao rimu zao za awali zimepindishwa na mashimo ya barabarani. Haki ya mlaji kuchagua hatuibishii. Tunalotaka kumtahadharisha ni neno moja linalorudiwa mno madukani: "Zinaingia." Rimu yaweza kuingia kwenye bolti, ikakazwa, gari likaondoka, na bado isilifae gari hilo. Kasoro hujitokeza baadaye, pengine gari likiwa limebeba shehena na linashuka mlima.

Matundu sita yasikudanganye

Kwa miaka mingi Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger na Mitsubishi L200 zinazoendeshwa kwa magurudumu yote manne zimekuwa na bolti sita, zilizopangwa katika duara lenye kipenyo cha milimita 139.7. Ndiyo sababu muuzaji huweza kukuonyesha rimu moja na kuiita ya magari yote hayo.

Hata hivyo, tundu la katikati ya rimu hutofautiana. Habu ya Hilux huhitaji tundu la takriban milimita 106, ya D-Max milimita 100, na ya L200 iliyozoeleka milimita 67. Rimu ya Hilux ikivalishwa L200 ya namna hiyo, tundu lake litazidi habu kwa takriban milimita 39. Hapo kazi yote ya kuliweka gurudumu katikati huachiwa nati peke yake, na gurudumu lisipokaa katikati usukani hutetemeka. Mwanya mdogo huweza kuzibwa kwa bangili ya chuma iliyochongwa kwa kipimo hasa. Mwanya ukiwa mkubwa, tafuta rimu nyingine.

Nissan Navara nayo ina bolti sita, ila duara lake ni la milimita 114.3. Fundi akikuambia atapanua matundu ili rimu ya milimita 139.7 ikubali, kataa. Rimu iliyopanuliwa matundu haina tena mahali imara pa kukalia nati.

Soma namba zilizochongwa

Geuza rimu, uangalie upande wa ndani. Herufi ET zikifuatwa na namba huonyesha, kwa milimita, umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wake unaogusa habu. Ukiondoa rimu ya ET30 na kuweka ya ET0 yenye upana uleule, kila gurudumu litasogea nje milimita 30. Gari litaonekana limejitanua, lakini beringi zitaelemewa zaidi, usukani utakuwa mzito, na tairi huenda ikakwaruza madigadi gari linapokata kona au kuzama shimoni.

Tafuta pia uzito ambao rimu moja imeruhusiwa kubeba. Chukua uzito wa juu unaoruhusiwa kwenye ekseli ya nyuma, kama ulivyoandikwa katika kitabu cha gari au kibandiko cha mlangoni, kisha ugawe kwa mbili. Ekseli ikiruhusiwa kilogramu 1,800, kila rimu ya nyuma iweze kubeba kilogramu 900 au zaidi. Rimu isiyo na maandishi ya uzito usiinunue kwa ajili ya gari la mizigo.

Tairi nazo zina masharti

Tairi iliyoandikwa 265/65R17 112S ina namba 112, ambayo maana yake ni kilogramu 1,120. Tairi yenye namba 100 hubeba kilogramu 800 tu. Kwa ekseli ya mfano wetu, tairi hiyo haitoshi, hata ingawa kwa macho yaonekana pana na yenye nguvu.

Angalia na kimo. Tairi ya 265/65R17 ina kimo cha takriban milimita 776, na 265/50R20 ina milimita 773, kwa hiyo mabadiliko ni madogo. Bali 285/70R17 ina milimita 831, yaani asilimia 7 zaidi. Kwa gari ambalo spidomita yake ilikuwa sahihi, itakapoonyesha kilomita 100 kwa saa utakuwa unakwenda 107, na breki zitakuwa na kazi zaidi ya kulisimamisha.

Nati za zamani huenda zisifae

Nati za kiwandani za baadhi ya rimu za aloi huwa na kitako bapa chenye washa, ilhali rimu nyingi za madukani huhitaji nati zenye kitako cha koni. Kitako cha nati kisipolingana na cha rimu, nati hugusa sehemu ndogo tu na hulegea hata ikikazwa kwa nguvu zote.

Kabla ya kukaza, zungusha nati kwa mkono na uhesabu. Kwa bolti ya milimita 12 yenye hatua ya milimita 1.5, izunguke angalau mara 8 kamili kabla ya kubana. Ikipungua hapo, rimu ni nene kupita kiasi au kuna spesa iliyomaliza urefu wa bolti. Usiliondoe gari katika hali hiyo.

Siku ya kufunga

Uso wa habu usafishwe kutu. Nati zikazwe kwa kuvuka, moja na inayoielekea, si kwa kufuatana. Mashine ya upepo isiwe ya mwisho kukaza: fundi amalizie kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyotajwa katika kitabu cha gari. Kisha zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, na uhakikishe hakuna kinachogusana.

Baada ya mwendo wa kilomita 50 hadi 100, rudi ukapimiwe nati upya. Rimu mpya hukaa sawa taratibu, na nati zilizokuwa zimebana zaweza kupoa. Ukisikia mlio wa kugonga au mtetemo mpya, simama mahali salama ukague papo hapo.

Kabla ya kulipa

Mweleze muuzaji aina ya gari, mwaka wake na mizigo unayobeba, kisha umwombe ayaandike hayo kwenye risiti pamoja na vipimo vya rimu. Muuzaji anayesema "zinaingia" lakini anakataa kuandika "zinafaa" amekwisha kukujibu. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na risiti yenye maelezo hayo itakuwa ushahidi wako utakapolalamika. Iarifu pia kampuni ya bima kwa maandishi kuhusu mabadiliko uliyoyafanya.

Rimu nzuri ni ile inayokufikisha wewe, abiria wako na wanaotembea kando ya barabara salama. Uzuri mwingine wote uje baada ya huo.