Urithi wa Umangi na Chanzo cha Mamlaka katika Uchagga, 1951–1960

Kimila, kiti cha Mangi kilirithiwa ndani ya ukoo. Chini ya ukoloni, hata hivyo, mrithi hakuweza kutawala bila kutambuliwa na serikali. Ukoo ulipendekeza, dola ikaamua. Mwaka 1951 ulileta mwamuzi wa tatu. Wachagga walipiga kura kumchagua Mangi Mkuu, atakayekuwa juu ya Wamangi wote wa miteremko ya Kilimanjaro, na Thomas Marealle, wa ukoo wa Wamangi wa Marangu, akashinda.

Ushindi huo ulimpa uhalali ambao nasaba pekee isingempa. Papo hapo ulizua swali: je, kiti kilichotolewa kwa kura kingeweza kukaliwa maisha na kurithiwa? Wapinzani wake, akiwemo Solomon Eliufoo, walidai awepo rais wa kuchaguliwa. Katika kura ya maoni ya mwaka 1960, wananchi waliafiki dai hilo, na cheo cha Mangi Mkuu kikakoma.

Hivyo basi, serikali ya Tanganyika ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963, kiti cha juu kabisa cha Uchagga kilikuwa kimekwisha kuondolewa na waliokiunda.