Je, Wajua? Damu baada ya kipimo cha tezi dume

Mwanamume aliyechukuliwa vinyama vya tezi dume kwa sindano anaweza kuona damu katika manii kwa wiki kadhaa, nyekundu kisha ya hudhurungi, na isiwe hatari. Ya kwenye mkojo kwa kawaida huisha ndani ya siku chache. Anywe maji, asibebe mizigo mizito, baiskeli aiache kwanza. (Bodaboda pia, ingawa kwa mtu wa Koboko, Uganda, hilo ni karibu sawa na kufungiwa ndani.)

Homa yenye kutetemeka haingojei kupambazuke, hata kama bado anameza antibiotiki: sindano iliyopitia njia ya haja kubwa huweza kuingiza bakteria kwenye damu. Mkojo ukiziba, vilevile. Aanzie Hospitali ya Koboko usiku huohuo. Hospitali ya rufaa iko Arua, kilomita 50 na ushee.