Kilichoiua Giaboksi ya Baba

Usiku ule mvua ilikuwa imekatika, lakini udongo mwekundu wa barabara ulikuwa bado unateleza. Kiti cha nyuma alilala jirani yetu aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, mama mkwe wake amempakata kichwa, nasi tulikuwa tukimkimbiza hospitali mjini Kibondo. Katikati ya mlima wa mwisho injini ikanguruma kwa nguvu, na gari lisisogee. Baba akakanyaga mafuta. Mngurumo ukazidi, magurudumu yakatulia vilevile. Kisha ikatujia harufu ya kitu kilichoungua.

Tulishuka tukasukuma mpaka mikono ikafa ganzi. Gari lile ni zito, na mlima ni mlima. Kama si lori la mizigo lililotokea nyuma yetu, hatujui habari hii ingeandikwaje. Alhamdulillahi, mtoto alizaliwa salama kabla ya adhana ya Alfajiri. Asubuhi Baba alirudi pale mlimani, akakaa juu ya jiwe, akalitazama gari lake kwa muda mrefu. Hatimaye alisema: “Gari hili halitabeba mtu tena mpaka tujue linaumwa nini.”

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 80, ambao ulianza kuuzwa mwaka 1990. Injini yake ni ya dizeli, yenye silinda 6, na giaboksi yake ni otomatiki ya gia 4. Kwa miaka mingi ndilo limebeba maharage yetu kwenda sokoni Kasulu, limebeba majeneza, limebeba maharusi na wagonjwa. Likilala, hailali nyumba moja tu.

Lililotuuma zaidi ni kwamba giaboksi hiyohiyo ilikuwa imefunguliwa miezi 5 kabla. Fundi wa kwanza alibadilisha pleti za klachi, akalipwa ujira wake wote, gari likaenda vizuri, kisha likarudia ugonjwa uleule. Pale nyumbani neno likapita upesi: tumeibiwa. Kaka mkubwa alisema fundi yule ameweka pleti kuukuu na kuchukua fedha ya pleti mpya. Nasi wengine, Mwenyezi Mungu atusamehe, tuliitikia.

Njia tatu mbele yetu

Tulikaa kikao cha familia. Njia ya kwanza ilikuwa kung’oa otomatiki na kupandikiza giaboksi ya mkono, kama wengi wafanyavyo. Ni njia nzuri, ila huhitaji kanyagio la klachi, propela shafti za kipimo kingine na mengine mengi ambayo mtu huyakumbuka fedha ikiwa imekwisha. Njia ya pili ilikuwa kununua giaboksi iliyotumika kutoka Dar es Salaam. Baba akasema huko ni kununua mbuzi ndani ya gunia: hujui ilikotoka, hujui ilichobeba. Njia ya tatu ilikuwa kuifufua hiihii. Hesabu ya spea na ujira ilifika bei ya magunia 12 ya maharage, nayo ndiyo yaliyokuwa yamebaki stoo.

Tulimfuata fundi mmoja wa Kasulu, mtu mzima, mpole wa maneno. Baada ya salamu, Kaka alimwambia moja kwa moja: “Fundi, tunataka uweke pleti mpya, safari hii za kweli.”

Fundi alitabasamu. “Pleti nitaweka, mwanangu. Lakini Mzee, nikiweka leo bila kujua kilichoua zile za kwanza, utanirudia tena baada ya maharage ya msimu ujao.”

Giaboksi inavyofanya kazi

Ili msomaji atufuate, tueleze kidogo. Giaboksi otomatiki si uzushi wa juzi. General Motors ya Marekani iliiuza katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Gari la giaboksi ya mkono huunganishwa na injini kwa klachi ya kukanyaga. Gari la otomatiki lina chombo cha mviringo kinachoitwa konvata. Tafakari mapangaboi mawili yaliyotazamana ndani ya mafuta: la kwanza huzungushwa na injini, likarusha mafuta, na mafuta yakalizungusha la pili. Hapo ndipo nguvu inapopita.

Baada ya konvata kuna gia zilizopangwa kama jua na sayari zake: gia moja katikati, ndogo zikiizunguka, na pete yenye meno ikizizingira zote. Ukishika sehemu moja na kuiachia nyingine, mwendo hubadilika. Kazi ya kushika na kuachia hufanywa na pleti za klachi zinazobanwa kwa shinikizo la mafuta. Na mafuta huelekezwa na valvu bodi, bamba lenye vichochoro vingi vyembamba, valvu, springi na vigololi.

Kwa hiyo mafuta katika giaboksi hii si ya kulainisha tu. Ndiyo mkono unaobana pleti, ndiyo yanayosukuma gari, na ndiyo yanayobeba joto kulitoa nje. Gari linapopanda milima yetu polepole likiwa na mzigo, konvata hutoa joto kubwa. Mafuta hutoka giaboksi kwa bomba jembamba, yakaenda kupoozwa ndani ya rejeta, kisha yakarudi. Likizibwa bomba hilo, mafuta huungua. Mafuta yakiungua, pleti hazina maisha.

Fundi alichomoa kijiti cha kupimia. Mafuta yaliyopaswa kuwa mekundu yalikuwa ya rangi ya kahawa iliyochemka sana. Hakuifungua giaboksi. Alifungua kwanza bomba linalokwenda kwenye rejeta, akapuliza upepo, akakinga kwa chupa ya kioo. Yalitoka matone mazito meusi yenye vumbi la pleti na chembe za chuma, kisha upepo ukakwama.

“Huyu ndiye muuaji,” alisema. “Pleti za zamani ziliposagika, uchafu wake ulijaa humu. Pleti mpya zikawekwa, lakini humu hamkusafishwa. Mafuta mapya yakapita kwenye uchafu wa zamani, yakakosa kupoa.”

Kigololi kimoja

Kazi ilichukua majuma 3. Propela shafti zilifunguliwa, giaboksi ikashushwa kwa jeki juu ya magogo, ikaoshwa nje kwa mafuta ya taa kabla haijafunguliwa. Fundi alitandika bati safi, akakataza pamba na matambara yanayotoa nyuzi, kwa kuwa uzi mmoja waweza kukwamisha valvu. Mdogo wetu wa kike, aliyekuwa kidato cha 3 na likizoni, alipewa daftari. Kila kilichotoka alikiandika: jina alilotajiwa, idadi, na upande kilipotazama. Wengine tulimcheka kidogo.

Siku ya kurudisha valvu bodi, kicheko kilikoma. Daftari lilionyesha kigololi kimoja zaidi ya vile vilivyokuwa kwenye sahani. Kaka akasema labda msichana alikosea kuhesabu. Fundi akamwuliza, “Binti, ulihesabu mara ngapi?” Akajibu, “Mara mbili, shikamoo fundi, na ya pili nilihesabu na wewe.” Fundi akaweka spana chini. Tulichekecha mchanga wote chini ya meza, adhana ya Alasiri ikatukuta tumepiga magoti. Tuliporudi kuswali, mdogo wetu alikifunua kifuniko cha kopo la mafuta ya mgando, na kigololi kilikuwa kimenata ndani yake.

Mafuta yale ya mgando, yaleyale ya kupaka ngozi, ndiyo fundi aliyoyatumia kushikilia vigololi visidondoke wakati wa kufunga. Grisi ya kawaida haifai kwa kazi hiyo, maana haiyeyuki vizuri ndani ya mafuta ya giaboksi na huweza kuziba vichochoro.

Pleti mpya alizilaza ndani ya mafuta kabla ya kuzipanga. Pleti ikifungwa kavu, huanza kuungua siku ya kwanza. Sili zote za mpira zilibadilishwa, kwa kuwa zilikuwa zimekauka kwa joto. Kila rundo la pleti alilipima nafasi yake, na kila pistoni akaipuliza upepo, tukasikia inavyoinuka kwa mlio mfupi mzito. Konvata imefungwa kwa kuchomelewa, haifunguki kwa spana, na uchafu ulikuwa umejaa tumboni mwake. Hiyo ilipakiwa kwenye basi hadi Dar es Salaam, ikakatwa, ikasafishwa na kuchomelewa upya. Njia ya ndani ya rejeta iliachwa kabisa. Mbele yake kikafungwa kipozeo kingine cha mafuta.

Wakati wa kurudisha giaboksi, fundi aliizungusha konvata kwa mkono, akisikiliza. Ilizama kidogo, akazungusha tena, ikazama zaidi. “Isipoingia yote,” alitwambia, “ukaivuta kwa nguvu ya bolti, pampu ya mafuta huvunjika gari halijatoka gereji.”

Aliyedhaniwa mwizi

Kabla gari halijawashwa, Baba aliichukua ile chupa ya mafuta meusi, akaenda nayo kwa fundi wa kwanza. Tulimfuata tukitarajia ugomvi. Baba alitoa salamu, akaketi, akaiweka chupa mezani, akasimulia ilikotoka. Fundi yule aliitazama kwa muda.

“Mzee,” alisema, “pleti niliweka mpya, wallahi. Lakini sikujua kwamba mafuta ya giaboksi yanapita kwenye rejeta. Aliyenifundisha hakunionyesha.”

Pleti alizoziweka tulikuwa nazo ndani ya gunia. Tulipomwuliza fundi wa Kasulu, alizigeuzageuza, akasema: zilikuwa mpya, zimeungua tu. Basi miezi ile yote tulikuwa tumebeba dhana mbaya juu ya mtu ambaye kosa lake lilikuwa kutokujua. Kaka alikwenda mwenyewe jioni ile kumwomba radhi. Siku ya kuwasha gari fundi yule alikuwapo, amesimama pembeni ya mwenzake, akiuliza maswali, na mwenzake akimjibu bila kumficha kitu.

Mafuta hayakumiminwa yote mara moja. Giaboksi ya aina hii ikiwa tupu kabisa hunywa lita 15 hivi. Fundi alitia kiasi, akawasha, akakanyaga breki, akapitisha mkono wa gia kila nafasi taratibu, akapima, akaongeza. Kipimo cha mwisho kilichukuliwa mafuta yakiwa ya moto, injini ikiunguruma. Yakipungua, pampu hunyonya hewa. Yakizidi, hutoa povu. Na povu halibani pleti.

Wenye magari ya namna hii tunawausia machache. Chomoeni kijiti mara kwa mara, myatazame mafuta na kuyanusa. Yakiwa na rangi ya maziwa, maji ya rejeta yameingia; msiliendeshe tena. Gari likikwama, msilivute masafa magurudumu yakiwa chini na shafti zimefungwa, maana injini isipozunguka pampu nayo hulala, na gia huzunguka kavu. Na mkiifufua giaboksi, ulizeni kwanza habari ya bomba la rejeta. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nasi ukuta huo tumeujenga kwa magunia 12.

Jaribio lilifanyika kwenye mlima uleule, gari likiwa limebeba magunia ya mahindi ya majirani. Lilipanda bila kusita. Baba hakusema kitu. Alifika juu, akazima, akashuka kunusa kijiti.

Mwezi haukupita, mlango wetu ukagongwa tena usiku wa manane. Safari hii alikuwa mtoto mwenye homa kali. Baba alichukua ufunguo, na mdogo wetu akafungua lango.